Uduvi wa Kuagiza Ng'ambo?

Mwandishi mmoja wa mapishi anashauri watu wa Pwani tusijisumbue kutwanga viungo vya mchuzi wa Kithai: viungo vyenyewe hatuna, muda hatuna, na vya kopo ni vilevile.

Viungo hatuna? Huyu Saadani kwetu kaiona kutoka kwenye ndege. Mchaichai umejiotea uani, sisi tunaumalizia kwenye chai. Pilipili, saumu, giligilani, ndimu, vyote vipo sokoni Bagamoyo. Na kile kinachoupa mchuzi ule ladha yake nzito, Wathai wanakiita kapi: uduvi uliotiwa chumvi, ukapondwa, ukaanikwa juani. Uduvi! Watu wanaovua kamba mdomoni mwa mto Wami, wenye mashamba ya chumvi jirani, wanaambiwa wasubiri kopo. Galanga ndiyo adimu. Tangawizi huishikia nafasi, ingawa si sawasawa. Hilo namwachia.

Muda? Unatwanga giligilani kavu kwanza, kisha pilipili na chumvi ya mawe, halafu mchaichai, kisha saumu, na kapi mwishoni. Aliyezoea kukalia mbuzi akakuna nazi mbili hatishwi na mchi.

Ati vilevile? Kaanga vya kopo na vya kinu, kila kimoja kwenye tui zito mpaka litoe mafuta. Jirani atabisha hodi kwa sufuria moja tu.