Mkanda wa Picha Usiachiwe Huruma ya Mkaguzi

Mtu wa Ushirombo, wilayani Bukombe mkoani Geita, anayetaka kupeleka mkanda wa picha ukasafishwe nje ya nchi ana safari ndefu mbele yake. Atapanda basi kupitia Geita hadi Mwanza, atapanda ndege hadi Dar es Salaam, kisha ataunganisha kwenda Nairobi, Doha au Istanbul. Katika viwanja vyetu vikubwa mzigo kwa kawaida hupita kwenye mashine mara mbili, mlangoni na tena kabla ya kuingia sehemu ya kusubiria ndege. Maana yake ni kwamba kabla mkanda huo haujaondoka nchini umekwisha kumulikwa mara nne, na kiwanja cha kubadilishia ndege kitaongeza ya tano. Je, abiria huyu awe na haki ya kuomba mkanda wake ukaguliwe kwa mkono, au aendelee kumtegemea mkaguzi atakayemkuta zamu siku hiyo? Makala haya yanatetea jibu la kwanza: haki hiyo iandikwe katika kanuni, na iandikwe sasa, kabla kizazi kipya cha mashine hakijaenea.

Tuanze na hatari yenyewe, kwa kuwa wapo wanaoikuza na wapo wanaoipuuza. Mkanda umepakwa tabaka la chumvi za madini ya fedha ambazo hubadilika zikipigwa na mwanga. Mionzi ya eksirei huzibadilisha vilevile, hata mkanda ukiwa umefungwa ndani ya kopo lisiloingiza mwanga. Ukija kusafishwa, picha hutoka na ukungu: sehemu nyeusi zimepauka, rangi zimefifia, chembechembe zimeongezeka. Madhara hayo hujumlishana, kwa hiyo kila mashine huanzia pale iliyotangulia ilipoishia. Hata hivyo, mkanda wa kasi ndogo, wa ISO 100 au 200, unaweza kupita mara kadhaa kwenye mashine za zamani za mizigo ya mkononi pasipo alama inayoonekana. Mkanda wa ISO 800 na zaidi hauna uvumilivu huo. Mizigo inayokwenda tumboni mwa ndege ina mashine kali zaidi, na tangu miaka ya 1990 watengenezaji wamekuwa wakiwasihi wateja wasiweke humo mkanda usiosafishwa. Ukishasafishwa mkanda hauna tena cha kuogopa, na kadi ya kamera ya dijitali haijawahi kuwa na tatizo hili.

Kilichobadilisha hesabu ni mashine mpya za mizigo ya mkononi, zinazotumia teknolojia ileile ya CT-Scan ambayo wagonjwa wa Kanda ya Ziwa wanaijua kutoka hospitali ya Bugando. Mashine ya zamani hupiga begi kwa pembe moja au mbili. Mashine mpya huzungusha mionzi kulizunguka begi zima ili mkaguzi aone kila kilichomo kwa umbo kamili. Faida kwa usalama ni kubwa, na abiria hupata nafuu ya kutotoa kompyuta wala chupa za vimiminika. Lakini mkanda hupokea mionzi mingi zaidi kwa pito moja. Kodak imewaonya wateja wake kwamba hata kupita mara moja tu kunaweza kuuharibu, na hapo ile faraja ya kasi ndogo inakwisha. Marekani inazisambaza mashine hizi, na Uingereza iliviwekea viwanja vyake vikubwa lengo la Juni 2024, ingawa muda ulilazimika kuongezwa. Vifaa vya viwanja vya ndege hununuliwa katika soko moja la dunia, na Tanzania haitakaa nje ya soko hilo. Anayengoja mashine zifike ndipo aandike kanuni atakuwa anaandika baada ya hasara.

Pingamizi la kwanza ni kwamba watu hawa ni wachache: nani bado anapiga picha kwa mkanda wakati kila mtu ana simu? Uchache wao ni wa kweli, ila si wachache kama inavyodhaniwa. Karatasi za picha za papo hapo za aina ya Instax, zinazopendwa harusini na hata na watalii, zina kasi ya ISO 800 na huharibika kwa mionzi kama mkanda wowote. Wapo pia wasanii na wanafunzi wa upigaji picha, na wapo watafiti. Zaidi ya hao ipo mikanda ya zamani iliyolala makabatini bila kusafishwa, na hapa ukanda wa dhahabu una sababu yake ya kipekee. Mageuzi makubwa ya eneo hili, tangu Ushirombo ikiwa bado mkoa wa Shinyanga, yalitokea katika muongo wa mwisho wa enzi ya mkanda: Sheria ya Madini ya 1998, mgodi wa Geita ulioanza uzalishaji mwaka 2000, na Bulyanhulu mwaka uliofuata. Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu, na baadaye yakazuka madai kwamba wapo waliofukiwa mashimoni wakiwa hai. Serikali na kampuni ya mgodi huo ziliyakanusha, na picha pamoja na mikanda ya video vikawa sehemu ya mabishano hayo. Mkanda ambao haujasafishwa hauna nakala. Ukiharibika kiwanjani, kilichopotea hakidaiwi popote, na hakuna atakayejua kilikuwa kinaonyesha nini.

Pingamizi zito zaidi ni la usalama, na haliwezi kujibiwa kwa dharau. Februari 1982 ndege ya Air Tanzania aina ya Boeing 737 ilitekwa ikitoka Mwanza kwenda Dar es Salaam, ikaishia Stansted, Uingereza. Wapiga picha wenyewe wana msiba wao: Mohamed Amin, aliyeanzisha Camerapix jijini Dar es Salaam mwaka 1963, alifariki Novemba 1996 pale ndege ya Ethiopian Airlines iliyotekwa ilipoanguka baharini karibu na Komoro. Hakuna anayejua thamani ya mkanda anayepaswa kutaka ukaguzi ulegezwe. Ila kinachoombwa hapa si kupita bila kukaguliwa. Kiambatisho cha 17 cha Mkataba wa Chicago kinazitaka nchi zikague abiria na mizigo yao ya mkononi kabla ya kupanda ndege, na upekuzi wa mkono ni njia inayokubalika kimataifa. Mkaguzi anaweza kufungua kopo, kuutazama mkanda, na kulifuta kwa kitambaa maalumu kinachopimwa mabaki ya vilipuzi. Marekani, iliyokaza ukaguzi kuliko karibu nchi zote baada ya Septemba 2001, inamruhusu abiria kuomba hivyo, na inamshauri afanye hivyo. Kama nchi hiyo haikuona tundu la hatari hapo, ni vigumu kusema Tanzania ingeliona.

Wengine watasema foleni zitarefuka, au kwamba mwenye mkanda ausafishe kabla ya kusafiri. Ushauri wa pili ni mzuri pale unapotekelezeka, lakini maduka ya kusafisha mikanda yalifungwa simu zilipoingia, na mkazi wa Bukombe haambiwi asafishe nyumbani kitu ambacho anasafiri ili kikasafishwe. Kuhusu foleni, makopo 10 ndani ya mfuko mmoja unaoonyesha ni kazi ya dakika chache, na uchache wa abiria hawa, uliotumika kuwapinga, hapa unawatetea. Mfuko huo nao una funzo. Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, serikali ilitangaza kwamba wageni wanaowasili na vifuko vya plastiki vyenye vipodozi vya safarini hawatazuiwa, mradi wasivitupe nchini. Marufuku haikudhoofika kwa sababu hiyo. Nchi iliyoweza kuandika msamaha mdogo kiasi hicho kwa ajili ya kifuko haishindwi kuuandika kwa ajili ya kilichomo ndani yake.

Wapo wanaoridhika na hali ilivyo, kwamba abiria akiomba kwa heshima mkaguzi muungwana atamsaidia. Huu ndio utaratibu mbaya kuliko yote. Huruma isiyo na kanuni humpa mwenye sare uamuzi usio na mipaka na humwacha abiria bila pa kusimamia. Mmoja anakubaliwa, mwenzake aliye nyuma yake anakataliwa, na katikati yao pana nafasi ya kushawishiana kwa noti. Mkaguzi naye hana ulinzi: akikubali na mkubwa wake akauliza, hana maandishi ya kuonyesha. Kanuni ingewalinda wote wawili.

Na kanuni yenyewe ni fupi. Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania ielekeze kwamba mkanda au karatasi za picha zisizosafishwa, zikiwa kwenye mzigo wa mkononi, zikaguliwe kwa mkono abiria akiomba, mlangoni na ndani, na kwamba mkaguzi akitilia shaka abaki na mamlaka ya kukataa mzigo husika. Mamlaka ya Viwanja vya Ndege ibandike tangazo kwenye kila mashine, kwa Kiswahili na Kiingereza, likieleza mashine hiyo ni ya aina gani. Abiria naye awe na wajibu: afike mapema, aweke mikanda pamoja kwenye mfuko unaoonyesha, atoe mkanda ndani ya kamera, na aache mifuko ya madini ya risasi ya kuzuia mionzi, ambayo humlazimisha mkaguzi kulirudisha begi mashineni. Hayo hayahitaji sheria mpya ya Bunge wala fedha za kununulia kifaa. Yanahitaji waraka mmoja na mafunzo ya zamu chache, gharama ndogo kuliko ya mashine yoyote itakayofungwa Mwanza au Dar es Salaam.