Majina ya askari wetu yatafutwe

Imepita miaka zaidi ya themanini tangu vijana wa nchi hii walipotolewa vijijini kwenda kupigana katika vita ambavyo si wao waliovianzisha. Walivikwa sare za Keya, wakapelekwa Uhabeshi, Madagaska, na hatimaye Burma. Waliorudi karibu wote wamekwisha tangulia mbele ya haki. Wajukuu wao, huko Karatu na Ngorongoro kama kwingineko, wamebakiwa na masimulizi, na pengine kipande cha chuma chenye sura ya mfalme wa Uingereza.

Mjukuu anayetaka kujua babu yake alipigana wapi, na alistahili nishani gani, anadai haki yake. Lakini njia yake ina miiba, na mingi iliachwa na ukoloni wenyewe.

Nishani za Vita Kuu ya Pili walizopewa askari wa Keya hazikuchorwa jina la mwenyewe. Nyota ya Burma iliyomo sandukuni inathibitisha kwamba kuna mtu aliyetumika katika vita vya Burma. Haisemi ni nani. Hivyo lazima karatasi zitafutwe, na hapo ndipo wengi hukwama. Anayetafuta Wilaya ya Karatu katika majalada ya wakati ule hataiona: Karatu ilikuwa sehemu ya Mbulu, na Ngorongoro ilitawaliwa pamoja na nchi ya Wamasai, zote katika Jimbo la Kaskazini. Mwiraqw aliitwa Mmbulu, Mdatoga akaitwa Mmang'ati, na jina la mtu liliandikwa kama karani alivyolisikia.

Wapo ambao hawakurudi kabisa. Tarehe 12 Februari 1944, meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo ikiwa imejaa askari na wauguzi, ilipigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na visiwa vya Maldivi. Ilizama kwa dakika chache mno. Walikufa watu zaidi ya 1,200, na mamia kati yao walikuwa wapiga mizinga wa Afrika Mashariki, vijana ambao wengi wao hawakuwa wameizoea bahari. Wengi wa askari hao wameandikwa katika mnara wa kumbukumbu uliomo kwenye makaburi ya vita ya Nairobi. Familia inayosema babu "alipotelea vitani" huenda jina lake limechongwa mahali palipo mwendo wa siku moja kwa basi kutoka Karatu, nayo haina habari.

Wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza hawakupata hata hilo. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba Waafrika wengi mno, hasa wa Afrika Mashariki, hawakukumbukwa kwa majina, na Waziri wa Ulinzi wa Uingereza akaomba radhi Bungeni. Radhi hiyo ilikuja baada ya miaka mia moja.

Wako watakaouliza: ya nini kuhangaikia nishani ya mkoloni? Swali hilo ni la haki. Hatumtukuzi mfalme. Tunajua kwamba hata kiinua mgongo cha askari hao kilipimwa kwa rangi ya ngozi, Mwafrika akapewa sehemu ndogo tu ya kile alichopewa Mzungu wa cheo hicho hicho. Lakini kuliacha deni bila kuliandika ni kumsaidia mdaiwa.

Walimu wa historia wanaweza kuianza kazi hii muhula huu. Mwanafunzi aende kwa wazee na daftari, aandike jina la askari kwa kila namna lilivyotamkwa, jina la baba yake, kijiji, mwaka alioondoka, wenzake, meli waliyopanda, na namba ya jeshi kama ipo hati ya kuachishwa. Warithi bado wanaruhusiwa kuomba nishani ambazo hazikutolewa, kwa Wizara ya Ulinzi ya Uingereza, ila wawe na ushahidi. Nakala ziwekwe wilayani na katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam.

Na mtumishi wa serikali atakayefikiwa mezani na mjukuu mwenye hati iliyochakaa, tafadhali asimwambie arudi kesho.