Marekebisho ya Sheria Yahitaji Wanaisimu

Tume ya Marekebisho ya Sheria ya Kenya iliundwa mwaka wa 1982 na kuundwa upya kwa sheria ya 2013. Ujuzi wa wanasheria wanaotafiti na kuandika miswada humo hatuushuku. Hata hivyo, Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Ilhali Kifungu cha 259 chaagiza kwamba matoleo ya Katiba yakihitilafiana, lile la Kiingereza ndilo litakalofuatwa. Je, raia ataitii vipi sheria asiyoielewa? Yafaa wanaisimu na wafasiri waketi na wanasheria hao tangu mswada unapoanza kuandikwa. La sivyo, urasmi wa Kiswahili utabaki karatasini tu.