Papai tunalo, mkonge tunao. Tunangoja nini?

Ukipita jioni penye moshi wa mishkaki Malindi, muulize muuzaji analainishaje nyama yake. Huenda akakujibu kwa maneno mawili: papai bichi. Ule utomvu mweupe una kimeng'enya kinachoitwa papaini, ambacho hukatakata protini. Mama zetu wamekitumia miaka yote bila kukanyaga maabara.

Viwandani papaini hutumika pia, kwa mfano kuzuia bia isifanye ukungu ikipoa. Kasoro ni moja. Kimeng'enya chenyewe hakiishi kwa kufanya kazi, lakini kikishachanganyika na kinywaji huwezi kukitoa tena. Umekitumia mara moja, kimekwenda. Joto nalo hukiharibu.

Wanasayansi wana dawa: kifunge kwenye uzi. Si uzi wa cherehani, ndugu yangu. Unywele wako una unene wa nanomita kama 80,000; uzi huu uko chini ya 1,000. Hutengenezwa kwa kuvuta majimaji mazito kwa umeme wa volti nyingi mpaka yawe utando kama wa buibui. Kwa wembamba huo, kipande kidogo tu kina nafasi tele ya kushika vimeng'enya. Kazi ikiisha unautoa utando, unausuuza, unautumia tena. Mara nyingi kimeng'enya kilichoshikwa hivyo hustahimili joto zaidi. Kweli, hupoteza nguvu kiasi wakati wa kufungwa. Lakini kitu ulichokuwa ukitumia mara moja ukikitumia mara kumi, hesabu inabadilika.

Wala hii si ndoto. Miaka ya 1970, Waitaliano walinasa kimeng'enya cha laktesi ndani ya nyuzi za selulosi, nene kuliko hizi, wakatengeneza maziwa ya watu ambao tumbo huwasumbua wakinywa maziwa ya kawaida.

Sasa tazama kaunti yetu. Mapapai yapo. Mkonge wa Vipingo umejaa selulosi, inayoweza kugeuzwa nyuzi hizo. Chuo Kikuu cha Pwani kiko papa hapa Kilifi. Wenzetu wa mashariki mwa Kongo hukinga utomvu wa papai na kuuuza nje. Sisi tunapanga matunda kando ya barabara, yakiiva kupita kiasi tunayatupa.

Kiwanda cha korosho cha Kilifi kilipoporomoka, wazazi wetu walibaki kuuza korosho ghafi kwa bei ya kutupa. Tusirudie hadithi hiyo kwa papai. Hatuombi kiwanda kikubwa cha kukatiwa utepe. Tunataka vifaa vya maabara, na basari kwa vijana wa kemia na baiolojia.

Kwa hivyo kikao cha maoni ya bajeti kikiitishwa wadini kwako, usiwaachie wazee peke yao. Nenda, simama, uliza: maabara imetengewa shilingi ngapi?