Barua ya Wazi kwa Mkubwa wa Usalama: Turudishie Usiku Wetu

Mheshimiwa,

Barua za zamani, zile tulizokuwa tukiwafundisha watoto wa darasa la tano, zilianza hivi: mimi huku sijambo, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali. Nimejaribu kuanza hivyo mara mbili, nikashindwa. Wewe, kwa ninavyokuona kwenye runinga, hujambo kabisa. Hofu na mashaka yako huku.

Cheo chako sitakitaja, wala kambi iliyo chini ya mamlaka yako. Mwenyewe unajijua, nami bado nina watoto wanaopita kwenye kizuizi chako.

Mimi ni mwalimu mstaafu, mzaliwa wa kisiwa cha Pate. Kiinua mgongo changu nilikigawa mafungu mawili: moja nikaezekea nyumba, la pili nikanunua mashua na injini ya nguvu za farasi 40. Mpwa wangu akawa nahodha, vijana wawili wa jirani wakawa mabaharia. Karatasi zote zilikuwepo: leseni, barua ya chifu, na kibali cha kuingia majini kuanzia saa kumi na moja alfajiri.

Walikamatwa saa kumi na dakika arobaini. Mkubwa wa doria alikimulika kibali kwa tochi, akakisoma, akatazama saa yake, akawaambia wamevunja amri. Dakika ishirini, Mheshimiwa.

Sasa nikueleze jambo ambalo kila mtoto wa kisiwani analijua na aliyeandika amri yako hakuliuliza. Siku za bamvua, maji yetu hujaa kama saa kumi alfajiri. Ukingoja saa kumi na moja, yameshaanza kutoka. Ukichelewa kidogo tena, kijito kimekauka na mashua imelala ubavu kwenye tope, na hapo utakaa hadi maji ya mchana. Bahari haikupewa nakala ya amri yako.

Vijana waliwekwa ndani siku tatu, wakaachiwa bila shtaka. Mashua ikabaki, nikaambiwa ni kielelezo. Kielelezo cha kesi ipi, hakuna aliyenijibu. Nilikwenda kuiulizia mara kumi na moja kwa miezi saba, na kila safari nauli ya boti naitoa mfukoni mwangu. Siku niliyoruhusiwa kuichukua niliikuta juu ya mchanga, juani, bila hata kuti la kuifunika. Wewe huenda hujui mbao zikikaukiwa hufanya nini. Pamba ya kalafati ilikuwa imetoka yote inaning'inia kama mvi, na kati ya ubao na ubao nilipitisha kidole. Wavu wa jarife ulikuwa umeliwa na panya. Injini haikuwepo. Kijana wa zamu alifungua daftari, akapitisha kalamu kutoka juu hadi chini, akasema injini haikuandikwa humo, kwa hiyo haikuletwa.

Nikamuuliza kwa adabu kama mashua ilifika kambini kwa kupiga mbizi. Akanionyesha mlango.

Utasema hili ni jambo dogo, upeleke malalamiko kwa utaratibu. Nimeufuata utaratibu mpaka viatu vimekwisha. Nakuandikia hadharani kwa sababu jibu nililopewa kila mara lilikuwa moja: mzee, vumilia, nchi iko vitani.

Iko vitani tangu lini, na kwa hesabu ya nani? Nakumbuka vizuri, maana vilianzia mlangoni petu. Septemba 2011 mtalii Mwingereza aliuawa Kiwayu na mkewe akachukuliwa. Wiki chache baadaye mwanamke Mfaransa, mgonjwa, akatekwa Manda. Akafia mikononi mwao. Katikati ya Oktoba jeshi letu la Kenya likavuka mpaka kuingia Somalia, na operesheni ikaitwa Linda Nchi. Tulipiga makofi, Mheshimiwa, hata mimi. Tuliambiwa adui atafuatwa kwake ili asije kwetu. Mwisho wa Septemba 2012 Kismayo ikachukuliwa, nikawaambia wanafunzi wangu kwamba sasa mambo yamekwisha.

Mwaka mmoja baadaye ikawa jumba la maduka la Westgate, Nairobi, watu 67 wakauawa. Juni 2014 ikawa Mpeketoni, kwetu hapa Lamu, zaidi ya watu 60 kwa siku mbili. Aprili 2015 Chuo Kikuu cha Garissa, watu 148, wengi wao wanafunzi. Al-Shabaab walidai hayo yote ni yao, na baada ya Westgate na Garissa walisema bayana wanalipiza kisasi kwa majeshi yetu kuwa Somalia. Muuaji si wa kuaminiwa anapojieleza, hilo nakubali. Lakini kalenda nayo inaongopa?

Najua utakalonijibu, na sitalikwepa. Mabomu ya Nairobi ya Agosti 1998 yaliua watu zaidi ya 200 wakati hatuna askari hata mmoja Somalia. Hoteli ya Kikambala iliyolipuliwa 2002, vivyo hivyo. Utekaji wa Kiwayu ulitangulia jeshi. Kweli tupu. Sijasema ugaidi ulizaliwa Oktoba 2011, wala sisemi tungekaa kimya wageni wetu wakichukuliwa vitandani. Ninachosema ni kwamba jirani yetu Ethiopia alikuwa ameshatufanyia jaribio hilo. Desemba 2006 majeshi yake yaliingia Somalia kuuondoa Muungano wa Mahakama za Kiislamu. Kufikia Januari 2009 yameondoka, na lile kundi la vijana lililokuwa tawi tu la hizo Mahakama lilikuwa limekua likawa jeshi, likijinadi kuwa ndilo linalompinga mgeni. Uganda ilipeleka askari wake 2007. Julai 2010 watu waliokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia Kampala wakalipuliwa. Somo lilikuwa ubaoni. Sisi tukaingia darasani tumefumba macho.

Na tangu hapo jina tu ndilo linalobadilika. Kikosi cha Umoja wa Afrika huko Somalia, AMISOM, kikawa ATMIS, ATMIS ikawa AUSSOM. Chombo kinachovuja hakizibwi kwa kupakwa jina jipya ubavuni.

Lakini mimi si mchambuzi wa mambo ya nje. Nina hoja moja, nayo ni usiku.

Vita vile vilikwenda kutulindia usiku wetu, vikauchukua. Mvuvi wa jarife ni mtu wa usiku: mchana samaki anauona uzi, anaukwepa. Jarife hutegwa magharibi, huvuliwa kabla jua halijapanda. Nguru na papa ndio waliosomesha watoto wa visiwa hivi, na kwa jarife wote huvuliwa usiku. Ukimwambia mvuvi avue mchana tu, umemwambia mwalimu afundishe likizo tu. Marufuku ya kuvua usiku ikaja. Baada ya Mpeketoni ikaja kafyu, magharibi mpaka asubuhi, ikaongezwa na kuongezwa. Ikarudi 2017. Ikarudi 2022 katika sehemu za Lamu. Na hata pale ambapo hakuna amri iliyoandikwa, usiku umebaki kuwa wa doria: ukionekana majini una taa, wewe ni mshukiwa, ukionekana huna taa, wewe ni mshukiwa zaidi.

Wengine watakueleza kuhusu mama anayeshikwa na uchungu saa tano usiku kisiwa hiki na hospitali iko kisiwa kile. Watakueleza kuhusu harusi zinazomalizwa alasiri kama matanga. Kuhusu shule za vijiji vya Waaweer pembezoni mwa msitu wa Boni, zilizofungwa 2014, na watoto walioota ndevu bila kujua kuandika majina yao. Mimi nauliza usiku.

Kwa sababu adui hakunyang'anywa usiku. Tarehe 5 Januari 2020, alfajiri, saa zilezile alizokatazwa mpwa wangu kugusa kasia, walishambulia uwanja wa ndege wa Manda Bay, penye Wamarekani na vyombo vyao vya kuonea gizani. Wamarekani watatu wakafa, ndege zikateketea. Hapo ndipo nilipoelewa vizuri: amri ya usiku inamzuia mwenye leseni tu.

Uniambie basi ni nani anayenufaika. Mwaka 2017 Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, lilitoa utafiti lilioufanya kwa kuwahoji watu waliojiunga kwa hiari na makundi haya barani Afrika. Asilimia 71 walisema kilichowasukuma hatua ya mwisho ni kitendo cha serikali: ndugu au rafiki kuuawa, au kukamatwa. Soma tena, Mheshimiwa. Si mahubiri, si fedha. Ni siku ile serikali ilipokuja nyumbani.

Mpwa wangu yuko Mombasa anaendesha bodaboda. Namshukuru Mungu kwa hilo kuliko ninavyoweza kuandika. Lakini akikaa siku mbili hajapokea simu, dada yangu hali chakula. Hasemi anachokiogopa, wala sisi hatumuulizi. Kijana alikuwa nahodha ana miaka 24, ana kibali chenye mhuri wa serikali mfukoni, akafungwa pingu na serikali hiyohiyo kwa dakika ishirini. Mtu mwenye ulimi mtamu akimwendea leo kumwambia dola hii si yake, ataanza kutoka wapi kumbishia? Kazi yote ya kushawishi imeshafanywa, na aliyeifanya analipwa mshahara kwa kodi yangu.

Mkishindwa huko Somalia, mnatulipiza huku. Januari 2016 kambi yetu ya El Adde ilivamiwa, na hadi leo wazazi hawajaambiwa rasmi ni vijana wangapi walikufa. Nchi isiyoweza kuhesabu maiti zake hadharani haiwezi kunishangaza ikipoteza injini. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba mkaa uliopigwa marufuku uliendelea kupakiwa Kismayo hata baada ya sisi kuingia; serikali ikakana, mambo yakaishia hapo. Nani amewahi kutueleza vita hivi vimegharimu nini, vitakwisha lini, na tutajuaje kwamba vimekwisha?

Kwa hiyo ninaomba, kama mwananchi anavyomwomba mkubwa. Saa za kuingia majini zipangwe na manahodha kwa kufuata maji, kijiji kwa kijiji. Wavuvi waandikishwe, wapewe vitambulisho, na doria iwatambue badala ya kuwawinda. Hakuna atakayewahi kuona boti ngeni kabla yao. Kila chombo kinachoshikwa kifikishwe mahakamani au kirudishwe. Bunge liambiwe siku ya askari wetu kurudi, na lisipoambiwa, liulize. Sisi wa visiwani tumeshalipa deni la Kismayo, na riba tumelipa.

Na injini yangu. Mtu wako alisema haikuandikwa. Stakabadhi halisi ninayo nyumbani, ndani ya msahafu, na nitaitoa mbele yako tu. Ina tarehe na sahihi ya aliyeipokea, na kwa mwandiko wake imeandikwa: mashua moja, injini moja, jarife vipande sita.