Tupimwe Tungali Wazima
Bwana Mhariri,
Bwenini kwetu palizuka ubishi: mtu asiyeumwa atafuta nini hospitali? Wengi walicheka. Lakini mvuvi wa Matema hukagua mtumbwi ungali mchangani. Hangoji maji yaingie akiwa kilindini.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Ni jambo jema, ila wazee wetu huiona kadi ya bima kuwa ni ya siku ya kuugua tu. Hebu tutazame saratani ya mlango wa kizazi: mwanzoni haiumi. Muuguzi hupaka siki, akiona doa jeupe laweza kutibiwa kabla halijageuka saratani. Kipimo hicho ni bure katika vituo vya serikali. Ugonjwa ukikomaa, safari huwa ya Ocean Road, Dar es Salaam, kwa mionzi ya gharama kubwa.

Basi bima na ilipe pia kupima shinikizo la damu na sukari kwa asiyeumwa. Mama yangu naye husema wakati wa kuvuna mpunga hana nafasi wala nauli ya kwenda mjini Kyela. Wapimaji na waje Ipinda siku ya gulio, huko atakuwapo.

Mwanafunzi, Kidato cha IV