Multimita Siyo ya Mtihani Tu

Baridi ya Juni na Julai huku Iringa na Mbeya inatufanya wote mafundi. Hita ya maji ikigoma, mtu anaazima multimita, anapima soketi. Kanuni ya Ohm tunaijua kwa kichwa, ila kifaa chenyewe wengi tunakishika kwa kubahatisha.

Hatari iko hapa: waya mwekundu ukibaki kwenye tundu la 10A, halafu ukapima soketi ya volti 230, umepiga shoti. Upande wa ampea mita karibu haina ukinzani, na nyingi za bei chee tundu hilo halina fyuzi. Inaweza kukulipukia mkononi.

Waya mwekundu ukae tundu la V, swichi kwenye AC, skeli inayozidi 230. Kabla hujasema "hamna umeme", ijaribu mita kwenye soketi inayofanya kazi. Mita mbovu nayo husoma sifuri. Ukipima ukinzani, chomoa kifaa kwanza.

Kesho sisi ndio tutawakabidhi watoto kifaa hiki maabara. Kwa hiyo kila anayekwenda fildi kufundisha Fizikia apimwe kwa vitendo mbele ya fundi wa maabara. Asiyeweza, arudie.